Aliyerudi Nyumbani Hauzwi

Katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu. Naitaja hesabu hiyo mapema kwa sababu ndiyo iliyotawala familia yetu mwaka 2023, tangu likizo ya Aprili hadi ile ya Novemba, hapa Ruiru tunakoishi na kule Thika kwa mama yangu, ambaye wanangu na majirani wote humwita Shosho. Timu ya ligi kuu ya kandanda ya Uingereza hucheza mechi 38 za ligi, nasi tunaona msimu ni mrefu. Hawa wa besiboli hushuka uwanjani karibu kila siku, mwisho wa Machi hadi mwanzo wa Oktoba. Na katika mchezo wa video, anayeendesha klabu kwa msimu mzima huamua kila kitu: nani arushe mpira leo, nani apumzike, nani aongezwe mkataba, kijana gani apandishwe kutoka timu ya chini, nani auzwe. Hilo la kuuza ndilo lililotutoa jasho.

Sanduku lilitoka Lowell, Massachusetts, anakoishi mdogo wangu wa kiume. Wakenya wamejaa huko, na mmoja wao akija nyumbani kwa harusi au mazishi hasafiri mikono mitupu, hubebeshwa vya wenzake. Safari hiyo tuliletewa viatu vya watoto, dawa za magoti ya Shosho, blenda mpya ndani ya katoni yake, na PlayStation 4 iliyokwisha kutumika, pamoja na diski moja tu. Watoto walikuwa wameota kandanda. Diski ilikuwa MLB The Show 23, besiboli mwanzo mwisho.

Tulilifungua sanduku Makongeni, Thika, Jumapili baada ya kanisa. Shosho alikuwa ameshakata nanasi, kwa hiyo blenda ndiyo iliyotangulia. Kifungua mimba wangu, msichana wa kidato cha pili, aliichomeka kwa adapta. Ilinguruma kama pikipiki inayopanda mlima, ikatoa moshi, harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa sebuleni, na swichi kuu ikajizima. Stima ya Marekani ni volti 120, yetu ni 240, na blenda ile ilikuwa imeundwa kwa ya kwao peke yake. Kuanzia hapo hakuna aliyethubutu kuigusa PlayStation. Kitinda mimba alilia akidhani nayo imeshakufa.

Fundi wa redio anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwa Shosho ndiye aliyetuokoa. Aliigeuza mashine chali, akasoma kibandiko chenye maandishi madogo kama chembe za mchanga, akasema hii inakubali volti 100 hadi 240, haina neno. Kisha akatuonyesha kwamba tundu la waya wake, lile lenye umbo la nambari nane iliyolala, ni sawasawa na la redio ya Shosho. Waya wa redio ukachomolewa, ukachomekwa nyuma ya mashine, na taa ya bluu ikawaka. Tulipiga makofi sote, hata fundi.

Jioni tuliiweka mashine ndani ya kiondo, tukaifunika kwa leso, tukapanda matatu kurudi Ruiru. Waya nao ulikuwa humo kiondoni. Kesho yake, hata saa kumi na mbili haijafika, simu yangu ililia. Shosho husikiliza stesheni ya Kameme kila alfajiri huku akichemsha chai, na betri za redio zilikuwa zimekwisha. "Ni nani amenyonga redio yangu?" aliuliza. Mume wangu alinunua waya mwingine karibu na stendi ya Ruiru, akamkabidhi makanga wa gari la Thika, na kabla ya adhuhuri redio ilikuwa imerudi hewani. Shosho alinunua na betri mpya, akaziweka ndani ya redio na kusema zisiguswe na mtu.

Timu ziko 30, na kuchagua moja kulizua mabishano ya siku kadhaa. Mume wangu ndiye aliyeyamaliza. Alikuwa amesoma habari za Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mtoto aliyekulia katika chumba cha klabu ya besiboli ya Randburg kwa sababu mama yake alikuwa mfanyakazi hapo. Pittsburgh Pirates walimsajili mwaka 2008, akahangaika ligi za chini kwa miaka, na tarehe 26 Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza katika ligi kuu. Mara yake ya kwanza kushika gongo alimkabili Jon Lester wa Chicago Cubs, mmoja wa warushaji waliokuwa wakiheshimiwa sana wakati huo, naye akaupiga mpira akafika kituo cha kwanza. Watoto waliposikia hayo hawakutaka timu nyingine. Baba yao aliwaonya kwamba Pirates ni timu ya mateso, kwamba mara ya mwisho kutwaa ubingwa ilikuwa 1979, na kwamba kati ya 1993 na 2012 ilimaliza misimu 20 mfululizo ikiwa imeshindwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda. Hawakujali.

Mimi niliuelewa mchezo haraka kuliko wao. Mtu yeyote aliyecheza raunda katika shule ya msingi ya Kenya tayari ana nusu ya besiboli mwilini: mpira unarushwa, unaupiga, unakimbia vituo hadi unaporudi ulipoanzia, na hilo ni bao. Kilichonichukua muda ni mrushaji. Katika raunda yeye ni mtu wa kukuletea mpira. Katika besiboli ndiye adui yako. Anaushika kwa vidole viwili hivi au vitatu vile, unakuja umenyooka kisha unazama ghafla miguuni, nawe umeshapiga hewa. Mara tatu za namna hiyo unatoka. Mwanangu wa kati, mpole asiyependa kelele, alijifunza kurusha hivyo kwa wapinzani wa kompyuta, akawa mtu mwingine kabisa. Kila mechi aliiandika katika daftari la hesabu lenye mistari ya mraba: tarehe, mpinzani, mabao, nani alirusha.

Hesabu ya muda ilitutisha. Mechi moja ya mizunguko 9 ilichukua kiasi cha dakika 45 kwetu. Zidisha kwa 162 upate saa zaidi ya 120, na tokeni za stima zinanunuliwa kwa pesa. Tukaweka sheria mezani: mechi za nyumbani, ambazo ni 81, zichezwe kwa mkono, na za ugenini ziachiwe mashine izimalize yenyewe, tuone matokeo tu. Wikendi na likizo, si siku ya shule. Sheria hiyo ilishika. Shosho peke yake ndiye aliyeomba ivunjwe, tena mapema.

Alikuwa amesikia kwamba mwaka huo kila timu ingecheza na kila timu, na kwamba Pirates, baada ya kuanzia Cincinnati, wangekwenda Boston tarehe 3 hadi 5 Aprili. Lowell iko kiasi cha kilomita 40 kutoka Boston, karibu sawa na Thika kutoka Nairobi. Ni mji uliojengwa na viwanda vya nguo, kama Thika ilivyowahi kujulikana kwa vyake. Shosho hajawahi kuona anakoishi mwanawe ila kupitia simu, na simu huonyesha uso, ukuta na dari. Akasema hizo tatu za Boston zichezwe kwa mkono, na zichezwe kwake.

Kwa hiyo kiondo kilipanda matatu tena, kupitia Kimbo na Juja hadi Thika. Uwanja wa Fenway Park ulipotokea kwenye televisheni ya Shosho, alivaa miwani. Ni uwanja wa mwaka 1912, na upande wa kushoto una ukuta mrefu wa kijani, zaidi ya mita 11, unaorudisha mipira ambayo kwingine ingekuwa imekwenda zake. Watengenezaji wameuchora hadi kutu ya ngazi. Kamera huinuka juu ya paa, unaona barabara na majengo ya matofali nyuma yake. Shosho aliomba kamera isimame hapo. Tulimpigia ndugu yangu kwa video, kwake ikiwa mchana, ndiyo kwanza ameamka baada ya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. "Hapo ndipo unapopita?" Shosho alimuuliza, akiielekeza simu kwenye televisheni. Ndugu yangu alisema amepita nje mara nyingi, ndani hajawahi kuingia, tiketi ni ghali na zamu zake haziruhusu. Shosho alinyamaza, kisha akamwambia mjukuu wake, "Haya, chezeni. Angalau sisi tumeingia."

Baada ya Boston hatukuhitaji kumshawishi. Diski hiyo ina sehemu nyingine inayosimulia ligi za Wamarekani Weusi, zilizokuwepo kwa sababu ligi kuu iliwafungia mlango hadi Jackie Robinson alipoingia na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947. Msimulizi wake ni Bob Kendrick wa jumba la makumbusho la ligi hizo mjini Kansas City, na ana sauti ya mzee anayeota moto. Binti yangu alimtafsiria Shosho kwa Kikuyu habari za Satchel Paige, mrushaji aliyewahi kuvaa jezi ya Pittsburgh Crawfords na akaingia ligi kuu akiwa na miaka 42. Shosho aliishi utoto wake chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni. Anajua maana ya kuzuiliwa kuvuka barabara bila kibali. Aliuliza maswali mengi usiku ule kuliko nilivyowahi kumsikia akiuliza, na mengine hatukuwa na majibu yake.

Mchezaji aliyempenda alikuwa Andrew McCutchen. Alitajwa mchezaji bora wa Ligi ya Taifa, nusu moja ya ligi kuu, mwaka 2013 akiwa Pittsburgh, akauzwa San Francisco Januari 2018, akazunguka timu baada ya timu, na mwanzoni mwa 2023 akarudi, akiwa na miaka 36. Binti yangu alipomweleza hayo, Shosho alimwita Mzee, na tangu hapo kila mchezo uliochezwa Makongeni ulisimama kidogo Mzee aliposhika gongo. Kitinda mimba yeye alikuwa na Oneil Cruz, kijana wa Jamhuri ya Dominika mwenye urefu wa mita 2. Kila mtu nyumbani alikuwa na wake.

Likizo ya Agosti watoto walikwenda kwa Shosho na kiondo chao. Kabla ya kuondoka Ruiru, mwanangu wa kati alinakili msimu wote kwenye flashi, akaiweka ndani ya mfuko wa daftari. Ndani ya mchezo ilikuwa katikati ya Julai. Timu ilikuwa inakwenda vizuri, karibu na nafasi ya mchujo, lakini warushaji walikuwa wamechoka. Dirisha la kuuza wachezaji mwaka huo lilikuwa linafungwa tarehe 1 Agosti. Binti yangu, ambaye ndiye meneja kwa kura ya nyumba, alikaa na hesabu zake. Mwenye miaka 36, kasi imepungua, mkataba wa mwaka mmoja. Akamuuza McCutchen San Diego, akapata mrushaji kijana mwenye mkono wa moto.

Nataka nimtendee haki. Kwa hesabu, uamuzi ulikuwa mzuri. Daftari linaonyesha kwamba baada ya biashara ile Pirates walishinda mfululizo wiki mbili, na kufikia mwanzo wa Septemba walikuwa ndani ya nafasi tatu za ziada zinazoingia mchujo. Meneja yeyote wa kulipwa angefanya vile vile.

Shosho alikaa kwenye kiti chake mechi baada ya mechi bila kusema. Mwishowe akauliza, "Mzee yuko wapi?" Hakuna aliyejibu. Kitinda mimba akafumbua: "Ameuzwa." Shosho aliinuka, akachukua rimoti, akaweka habari, na kuanzia siku hiyo televisheni ya Makongeni ilikuwa ya habari na ya mahubiri. Hakugomba. Alisema tu kwamba mtu aliyezunguka nchi za watu miaka mitano kisha akarudi kwao hauzwi, hata kama magoti yamechoka. Watoto walinipigia simu kwa zamu.

Nilifika Thika Ijumaa ya tarehe 25 Agosti, kuwachukua, maana shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Nilikuta nyumba yenye adabu ya kutisha. Baada ya chakula tulikaa kikao. Binti yangu alieleza hesabu zake moja baada ya nyingine, akitetemeka midomo. Shosho alisikiliza hadi mwisho. Akamwambia, "Nimekuelewa. Sasa mrudishe." Wakawasha mashine, wakajaribu kumnunua tena. Dirisha la biashara lilikuwa limeshafungwa. Hakuna mlango. Shosho akakubali wacheze mechi moja ya nyumbani ili watoto wasilale na kinyongo, kwenye ule uwanja wa PNC Park wenye mto Allegheny nyuma yake na ukuta wa kulia wa futi 21, namba aliyovaa Roberto Clemente, aliyekufa ndege ilipoanguka tarehe 31 Desemba 1972 akipeleka misaada kwa walioathiriwa na tetemeko la Nikaragua.

Ilikuwa kama saa nne kasorobo usiku. Mechi ilikuwa imekwisha, na alama ya kuhifadhi inazunguka pembeni ya kioo. Stima ikapotea.

Tulidhani ni mtaa wetu. Tukatoka nje: Makongeni yote giza, na ng'ambo ya mji giza. Shosho akawasha redio yake ya betri, zile zisizoguswa, na ndipo tukasikia kwamba karibu nchi nzima ilikuwa gizani, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Tuliketi kwa mwanga wa mshumaa tukisikiliza. Binti yangu hakusema neno. Alikuwa ameliona lile duara likizunguka.

Stima iliporudi kesho yake, mashine iliandika kwamba haikuzimwa ipasavyo, ikaanza kujikagua polepole. Kisha ikafunguka. Msimu ulikuwepo kwa jina tu, na pembeni yake ujumbe kwamba data imeharibika. Mwanangu wa kati alitoa flashi kutoka mfuko wa daftari, akaichomeka bila haraka. Msimu wa katikati ya Julai ukafunguka mzima. Wakatazama orodha ya wachezaji. McCutchen alikuwa pale, nafasi yake ile ile ya kupiga.

Kitinda mimba alikimbia jikoni kumwita Shosho. Shosho alikuja akipangusa mikono kwa leso, akasoma jina mwenyewe, akamwekea mkono begani meneja wetu aliyekuwa analia. Mechi zote za mwisho wa Julai na za Agosti zilikuwa zimepotea, na zilibaki kwenye daftari tu. Binti yangu alipofika tena tarehe 1 Agosti ndani ya mchezo, San Diego walileta ombi lile lile. Alimpigia Shosho simu kutoka Ruiru, akamsomea masharti yote, kisha akalikataa.

Waliumaliza msimu likizo ya Novemba, sebuleni kwetu, Shosho akiwa amekuja kukaa wiki moja. Ushindi 83, kushindwa 79. Walikosa mchujo kwa mechi moja. Binti yangu aliliweka daftari la zamani kando ya jipya, akatuonyesha kwamba yule mrushaji kijana angewafikisha. Ni kweli, angewafikisha. Mimi hata hivyo nimeridhika na 83, na nimewaambia hivyo wote wawili, yeye na bibi yake.

Kule Pittsburgh kwenyewe, Pirates wa kweli walimaliza 2023 na ushindi 76. McCutchen aliumia Septemba akiwa na homu rani, yaani mipigo ya kuuvusha mpira nje ya uwanja, 299 maishani. Desemba alitia saini kubaki mwaka mwingine, na Aprili 2024, akiwa na jezi hiyo hiyo, alipiga ya 300.